Mtoto anazitaja herufi zote lakini hasomi neno: tuanzie kwenye sauti au kwenye silabi?

Baba wa Darasa la Kwanza (Arusha)

Habari za wakati huu, wanajamvi. Naomba ushauri wa walimu na wa wazazi waliokwisha kulipitia jambo hili.

Binti yangu ana miaka sita na anasoma darasa la kwanza katika shule ya mchapuo wa Kiingereza. Herufi anazifahamu zote. Ukimwonyesha yoyote, kubwa au ndogo, anaitaja bila kusita, na hata kuiandika anaiandika kwa mwandiko unaosomeka. Tatizo linaanza pale herufi hizo zinapokaa pamoja. Nikimwandikia neno "meza" ananitajia "em, ii, zedi, ei", kisha ananitazama akisubiri nimwambie neno lenyewe ni lipi. Maneno machache anayoyasoma kitabuni anayasoma kwa kuangalia picha, kwa maana ukifunika picha ya kuku kwa kiganja neno "kuku" nalo linapotea.

Bibi yake, ambaye tunaishi naye, amekuwa akimfundisha jioni kwa utaratibu aliousomea yeye wa "a, ba, cha, da, e, fa, ga", na mtoto ameushika vizuri sana, tena kwa wimbo. Hata hivyo nao umetuletea jambo jingine, kwa sababu sasa neno "bibi" analisoma "ba-i-ba-i". Kwa hiyo nyumba yangu ina mifumo miwili na kila mmoja una mtetezi wake: bibi anasema shule inamharibu mtoto, na kutoka shuleni nimeandikiwa kwenye daftari la mawasiliano kwamba tusimfundishe kusoma Kiswahili kwa sasa, tusubiri kwanza Kiingereza kikae sawa, ili asichanganyikiwe.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, ni kipi hasa kinachokosekana kwa mtoto anayezijua herufi zote na bado hasomi? Pili, je, ni kweli kwamba tungoje?

Mwalimu wa KKK (Dodoma)

Ndugu mleta mada, mtoto wako amefundishwa majina ya herufi, tena kwa mifumo miwili, na bado hajafundishwa kazi ya herufi. Jina la herufi lina faida yake, kwa mfano mtu anapomtajia karani namna ya kuandika jina lake, lakini halisomi neno. Kinachosoma neno ni sauti. Herufi m, uiite "em" au uiite "ma", katika neno "meza" hutoa sauti moja tu, ile ya midomo iliyofungwa na pumzi inayopita puani, na hiyo ndiyo mtoto anayotakiwa kuitoa mara aionapo alama hiyo, bila kuifungia irabu nyuma yake. Mfumo wa bibi unampa irabu a ambayo haimo katika neno, na mfumo wa shule unampa irabu e mbele ya m ambayo nayo haimo. Makosa yote mawili uliyoyataja yana chanzo kimoja.

Kwa mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani, majina ya Kiingereza yana mtego wa ziada ambao sisi watu wazima hatuusikii tena kwa sababu ya mazoea. Herufi e kwa Kiingereza huitwa kwa sauti ambayo sisi huiandika kwa i. Herufi i huitwa "ai". Na a huitwa "ei". Maana yake ni kwamba irabu hizo zimepewa majina yasiyolingana na sauti zake katika Kiswahili, na e imepewa jina ambalo kwetu ni sauti halisi ya irabu nyingine. Ukimsomea mtoto wa namna hii imla ya neno "bibi" usishangae akikuandikia "bebe". Kwa kanuni aliyopewa, yuko sahihi kabisa, na mzazi anayemkaripia hapo anamwongezea woga tu.

Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika nchini kwetu mwaka 2015 uliweka stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu (ndizo hizo KKK) mbele ya mambo mengine, na ndani ya stadi ya kusoma, kutambua sauti na kuihusisha na herufi yake kunatangulia kusoma maneno. Watu wengi huiruka hatua hiyo kwa sababu haionekani kama kusoma: hakuna kitabu wala ubao, ni mdomo na masikio tu. Jioni mnapopika, mwulize mtoto "sufuria" linaanza na sauti gani. Atakujibu "su", na jibu hilo ni hatua nzuri, usilikatae. Livute mbele yake, "sssufuria", kisha livute "sssahani", kisha "sssimu", mpaka asikie mwenyewe kwamba kitu kinachofanana katika maneno yote matatu si "su" wala "sa" wala "si", ila ule mlio wa mwanzoni unaofanana na mluzi wa jiko la gesi. Hapo s imeachana na irabu zake, na kwa mtoto wa miaka sita huo ni ugunduzi mkubwa kuliko kukariri herufi zote 24 za Kiswahili kwa wimbo.

Ukishafika hapo ndipo ulete herufi, na usizilete kwa mpangilio wa a, b, ch. Anza na irabu zote tano kwa sauti zake za Kiswahili, kisha chukua konsonanti ambazo sauti yake inaweza kuvutwa bila kuongezwa irabu: m, s, l, n. Andika "sema" kwa herufi kubwa kiasi, weka kidole chini ya s, mtoto aivute sauti hiyo huku kidole kikiteleza hadi kwenye e bila kusimama, kisha m, kisha a. Kusimama kati ya herufi moja na nyingine ndiko kunakovunja neno. Mtoto anayesema "s", akanyamaza, akasema "e", akanyamaza, akifika mwisho amekwisha kusahau alianza na nini. Kwa konsonanti hizo nne na irabu tano tayari ana "mimi", "sisi", "lala", "lima", "nane", "nusu", "simu", "meno" na "sema", yaani ana maneno ya kutosha kuandikiwa sentensi yake mwenyewe. Sauti za b, d, k, p na t zije baadaye, kwa sababu hazivutiki. Mdomo ukifunguka tu, zimekwisha.

Mwalimu Mstaafu (Songea)

Namheshimu mwalimu wa Dodoma, na hapo alipomalizia ndipo ninapoanzia. Amesema mwenyewe kwamba b na k hazivutiki. Nakubali, na ndiyo maana sisi tulioingia darasani wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote, mwaka 1977 na miaka iliyofuata, tulifundisha "ba, be, bi, bo, bu". Mwambie mtoto atamke b peke yake. Atakuchomekea irabu fulani isiyo na jina, na akija kuiunganisha na a anapata sauti mbili zisizokutana. Silabi inatamkika. Kiswahili, tofauti na Kiingereza, karibu kila silabi yake huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu zisizobadilika mahali popote zinapokaa, hivyo jedwali zima la silabi za kawaida linaenea kwenye ukuta mmoja wa darasa. Watu wazima walioandikishwa kwenye madarasa ya kisomo baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima walifika kwenye kusoma barua zao wenyewe, na silabi zilikuwa chombo chao. Sioni sababu ya kuidharau njia hiyo kwa kuwa limekuja jina jipya la foniki, yaani kusomesha kwa sauti za herufi.

Lawama ninayoikubali ni ya namna ilivyofundishwa na wengi wetu. Darasa zima linaimba "ba, be, bi, bo, bu" huku mwalimu akipitisha fimbo ukutani, na baada ya wiki mbili mtoto anaimba ukuta wote na macho yake yako dirishani. Huyo hasomi. Dawa yake ni ndogo na haina gharama. Usimsomeshe jedwali kwa mlalo tu. Msomeshe pia kwa wima, "ba, ma, sa, ta, la", ili irabu isimame na konsonanti ibadilike, kisha umrudishe kwenye mlalo ambako konsonanti inasimama na irabu inabadilika, kisha uruke ovyo: gusa "mo", gusa "si", gusa "be". Mtoto anayejibu wakati unaruka ameshajua kwamba silabi ina vipande viwili, na amejua bila kulazimishwa kutamka b isiyotamkika.

Kwa hiyo, baba, mwambie huyo mama yetu kwamba asiache kumfundisha mjukuu. Abadilishe jambo moja tu: herufi b asiiite "ba" kana kwamba ndiyo yote, bali amwonyeshe kwamba b ikikaa na a ni "ba" na ikikaa na i ni "bi". Ataelewa mara moja, maana hivyo ndivyo alivyosomeshwa hata yeye; wimbo wa herufi ulikuwa utangulizi, na jedwali la silabi lilikuja nyuma yake.

Mwalimu wa Gredi ya Kwanza (Kilifi)

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Walimu wenzangu wamekwisha kujibu swali la kwanza, nami naona hawapingani sana kama wanavyodhani. Nitajikita kwenye swali la pili, la kungoja.

Huku kwetu mtoto wa Gredi ya Kwanza hangoji. Tangu mpango wa Tusome ulipoenezwa katika shule za umma mwaka 2015, watoto wa madarasa ya mwanzo wamekuwa wakifundishwa kusoma Kiswahili na Kiingereza katika kipindi kimoja cha maisha yao, kila lugha kwa vitabu vyake na kwa sauti zake, na mwalimu hutamka kwanza, kisha darasa hutamka pamoja naye, kisha watoto hutamka peke yao. Wanaochanganyikiwa wapo, lakini kwa ninavyoona mimi kinachowachanganya ni mwalimu anayetumia jina la Kiingereza la herufi ndani ya somo la Kiswahili. Kuwepo kwa lugha mbili hakuwasumbui kwa kiwango hicho. Nina mazoea ya kusema wazi, "sasa tunasoma Kiswahili", na kutumia kadi za rangi nyingine, na mtoto wa miaka sita anaielewa mipaka hiyo kama anavyoelewa kwamba nguo za kuchezea si za shule.

Tena ningethubutu kusema kwamba mkikisubiri Kiingereza mtakuwa mmeanza na mlima mkali zaidi. Kiingereza kina sauti takriban 44 zinazogombania herufi 26, na herufi a peke yake hubadilika kutoka neno hadi neno. Philip Seymour na wenzake walichapisha mwaka 2003 ulinganisho wa watoto wanaoanza kusoma Kiingereza na wale wa lugha nyingine 12 za Ulaya, wakaonyesha kwamba watoto wa lugha nyingi kati ya hizo, ambazo tahajia yake inafuata matamshi kwa ukaribu, husoma maneno ya msingi kwa usahihi kabla mwaka wa kwanza wa shule haujaisha, huku wale wa Kiingereza wakichukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti huo, lakini tahajia yake iko upande wa wale wanaoanza mapema. Mtoto anayeelewa kupitia "simu" na "meno" kwamba alama zinasimamia sauti ameshaelewa kiini cha kusoma, na kiini hicho hakifundishwi mara ya pili anapogeukia Kiingereza. Atakachojifunza ni desturi mpya za herufi zilezile.

Lakini tusijidanganye kwamba Kiswahili hakina kazi. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walilichunguza mwaka huohuo wa 2003 suala la makosa ya watoto wanaoandika Kiswahili, na hata kichwa cha makala yao kinaonya kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye kanuni zilizonyooka si jambo dogo. Darasani kwangu nawaona hao. Wengi wa wanafunzi wangu nyumbani husema Kigiriama, na mtoto aliyezoea "dzuwa" akiandikiwa "jua" hana budi kujifunza sauti na herufi kwa pamoja. Mahali pengine pa bara shida huwa ni r na l: mtoto anayesema "kurara" ataandika "kurara", na ukimwambia asikilize vizuri hutamsaidia, kwa kuwa amesikiliza vizuri mdomo wake mwenyewe. Vivyo hivyo kwa anayesema "zambi" badala ya "dhambi" na "samani" badala ya "thamani". Kwa watoto hao fundisha matamshi kwanza, ukiwaonyesha ulimi unakaa wapi, ndipo ulete kalamu. Kwa th na dh ncha ya ulimi inaonekana kati ya meno, na kioo kidogo cha kujitazamia ni zana bora kuliko chati yoyote ya dukani.

Mwana wa Ng'ambo (Unguja)

Assalaam alaykum. Mimi si mwalimu wa skuli bali nimesomesha watoto chuoni, yaani madrasa, kwa muda mrefu, na ninaposoma mjadala wa sauti dhidi ya silabi naona kama mnalizunguka jambo ambalo watoto wa visiwani wanalifanya kila siku alasiri.

Katika hati ya Kiarabu konsonanti huandikwa mstarini na irabu fupi huwekwa juu au chini yake kwa alama. Mtoto husomeshwa kwamba be yenye fataha ni "ba", yenye kasra ni "bi", na yenye dhuma ni "bu". Tazameni vizuri kinachofanyika hapo: jina la herufi linatajwa, alama ya irabu inatajwa, kisha matokeo yanatamkwa kwa silabi moja. Mtoto hawezi kudhani kwamba be ni "ba", kwa sababu anaona kwa macho yake kwamba a imetoka kwenye mstari mdogo wa juu, na ukiuhamishia chini sauti inageuka. Bibi wa Arusha akiambiwa aige jambo hilo kwa kadi mbili, moja ya konsonanti ikibaki mezani na nyingine za irabu zikibadilishwa mbele yake moja baada ya nyingine, mtoto atauona mgeuko huo kwa herufi za kirumi pia. Angalizo ni kwamba Kiarabu kina irabu fupi tatu tu, hivyo mtoto wa chuoni akija kwenye Kiswahili e na o ni wageni kwake katika maandishi, na huwa ndizo zinazomsumbua siku za mwanzo. Kuhusu hofu ya kwamba hati mbili, moja ya kutoka kulia na nyingine ya kutoka kushoto, zitamvuruga mtoto, sijaona ikiwa tatizo la kudumu kwa mtoto yeyote.

Nina jingine. Watoto wetu wana mchezo wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho hupelekwa mbele ya neno ili wakubwa wasielewe: "maji" huwa "jima", "kitabu" huwa "bukita". Watoto ambao hawajui kusoma hata herufi moja huzungumza hivyo kwa kasi ya kutisha. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hawahamishi sauti mojamoja, na nadhani jibu liko wazi: mtoto wa Kiswahili anakuja na silabi kichwani tayari, wala hahitaji kufundishwa kwamba "kitabu" kina vipande vitatu. Asichokuja nacho ni kule kuipasua silabi yenyewe. Kwa hiyo mzee wa Songea yuko sahihi kuhusu mahali pa kuanzia, na mwalimu wa Dodoma yuko sahihi kuhusu mahali penye kazi. Kama bint yetu anaujua mchezo huu, mwacheni aucheze kwa sauti kubwa ndani ya nyumba. Na kama haujui, mpeni vitanza ndimi. Huyu katibu kata wa kata ya Mkata aliyekataa kukata miti ana k na t nyingi kuliko ukurasa mzima wa kitabu cha mazoezi.

Baba wa Darasa la Kwanza (Arusha)

Nawashukuru sana walimu wangu. Shikamoo mzee wa Songea. Kadi zimekwisha kutengenezwa kutoka kwenye boksi la viatu na bibi ndiye aliyezikata. Amekubali kuiachia b yake isimame bila a, ingawa amesisitiza kwamba wimbo wa "a, ba, cha, da" hautafutwa nyumbani kwake, nami sikubishana.

Nina swali moja zaidi, kwa kuwa naliona linakuja. Mtoto akishazoea kwamba konsonanti hukaa na irabu yake, nitamwelezaje neno "mtoto", ambalo m yake haina irabu? Na je, "mb" ya "mbuzi" ni herufi mbili au ni sauti moja? Kila nikijaribu kuifikiria mwenyewe nakwama, na "ng'ombe" ndilo sitaki hata kulifikiria.

Mwalimu Mstaafu (Songea)

Marahaba, mwanangu. Hayo unayoyaogopa watoto huyajibu kwa makofi. Mwambie alitamke neno akipiga kofi kwa kila silabi, kabla ya kuliona limeandikwa. "Mtoto" atalipiga makofi matatu: m-to-to. Hapo mwenyewe amekwisha kukuambia kwamba m hiyo ni silabi kamili iliyojitegemea, wala huna haja ya kumtafutia irabu. "Mbuzi" atalipiga mawili: mbu-zi. Hapo m haikupata kofi lake, imeegemea kwenye b, na zote mbili zinatoka kwa pigo moja. Kisha mpe "mbwa", na utaona atalipiga mawili tena, m-bwa, kwa sababu neno la Kiswahili linapokuwa fupi hivyo mkazo unaiangukia m na kuifanya silabi. "Nchi", "nzi" na "nne" ziko hivyohivyo. Usimweleze kanuni, makofi yanatosha kwa umri wake. Maandishi yetu hayana alama ya kutofautisha m hizo mbili, na ndiyo maana "mbuni" yule ndege mkubwa ana makofi mawili na "mbuni", mti wa kahawa, una makofi matatu, ilhali vinaandikwa sawasawa. Hapo hata mtu mzima huisubiri sentensi.

Mwalimu wa KKK (Dodoma)

Naongezea kwenye alichosema mzee, kwa upande wa kadi. Usilete herufi mwambatano, yaani zinazoandikwa mbili kwa pamoja, mpaka mtoto asome maneno mepesi ya konsonanti moja na irabu moja bila kuvuta sauti tena, yaani alione "sema" na kulitamka. Ukifika huko, ch, sh, ny, th, dh na gh kila moja iandikwe kwenye kadi moja. Usizitengeneze kwa kuweka kadi ya s kando ya kadi ya h, kwa sababu ukifanya hivyo mtoto atatafuta sauti mbili mahali penye moja, na utamsikia akisema "s-ha-ti" badala ya "shati". Kwa mb, nd, nj na nz unaweza kufanya vyote viwili, maana humo sauti mbili zinasikika kweli: mwanzoni ziunganishe kadi mbili mbele yake, baadaye mpe moja yenye zote.

Kuhusu "ng'ombe", zifundishe ng na ng' kwa wiki tofauti, na anza na ng ya "ngoma" na "nguo", kwa kuwa ndiyo atakayokutana nayo mara nyingi zaidi vitabuni. Ukija kwenye ng', mwambie atamke "ngoma" kisha "ng'oa" akiwa ameweka vidole shingoni na kusikiliza mahali ambapo g inagonga na mahali ambapo haigongi kabisa. Ile alama ya juu iandike kwa rangi nyingine na iwe kubwa kupita kiasi, kwa sababu walimu wengi huiandika kama vumbi la chaki na mtoto hana namna ya kujua kwamba nayo inasomwa.